Asilimia Sitini na Nne

Mimi ndiye yule mzee aliyeingia Kibiti kichwa wazi, kipara kimeiva kwa jua, nimekumbatia kompyuta iliyofunikwa kanga ya mwanamke ambaye hata jina simjui. Na kwa kuwa habari hiyo imeshatangazwa delta nzima, wengine wakiongeza kwamba nililia (sikulia, lilikuwa jasho), naona bora niisimulie mwenyewe, niipunguze walipoiongeza na niiongeze wasipoijua, maana aibu yenyewe hasa si ile waliyoiona.

Kompyuta ile niliachiwa na mradi wa kupanda mikoko. Walikuja kijijini kwetu Kiongoroni na boti mbili na makoti ya kuelea, wakatufundisha mikoko sisi tuliozaliwa ndani ya mikoko, wakanichukua niwe karani wao kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kisha mradi ukaisha wakaenda zao. Miche yao ikafa, kompyuta ikabaki. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kompyuta, na mtu wa kompyuta katika kijiji chenye kompyuta moja ni kama chongo katika kijiji cha vipofu, ila mimi nilisahau kwamba wenzangu hawakuwa vipofu.

Mjukuu wangu Tatu, mtoto wa binti yangu mkubwa, alikuwa amefaulu na anataka chuo cha uuguzi. Alikitaka tangu siku mama yake alipomzaa mdogo wake ndani ya mtumbwi, maji yamepwa, zahanati iko upande wa pili wa tope. Maombi ya chuo yanatumwa kwa mtandao, na dirisha lilikuwa linafungwa siku ile saa kumi na mbili jioni. Tatu alikuwa ameniambia mapema, kwa adabu zake, "Babu, haya hata kwa simu yanakwenda." Nikamjibu kwamba simu ni ya kutazamia picha za maharusi, maombi ya chuo yanafanywa kwa kompyuta, na yatafanywa na mtu aliyesoma. Nikachapa fomu yake yote kwa vidole viwili, siku nne, nikaiweka ndani ya kompyuta pamoja na nakala za vyeti vyake. Kwetu mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo mpango ukawa tupande boti ya asubuhi hadi Nyamisati, pale mtandao upo wa kutosha, tutume, tunywe chai, turudi.

Sasa, kwa miezi miwili kompyuta ilikuwa ikiniletea ujumbe kwamba mfumo endeshi mpya (yaani ile roho inayoendesha kompyuta yenyewe) umeshaingia wote na unasubiri kuwekwa, je, tuanze sasa au baadaye. Nami kila siku nabonyeza baadaye. Fundi wangu wa Kibiti, Akbar, ambaye babu yake alimuuzia baba yangu kanzu ya harusi, alikuwa amenionya kwa maneno yasiyohitaji mfasiri: "Mzee wangu, usisasishe kitu bila kuniona. Ukishindwa kabisa kujizuia, kwanza chomoa kila kilichochomekwa." Nikaitikia. Kuitikia sijawahi kushindwa.

Asubuhi ile, baada ya swala, nimeketi barazani nahakikisha fomu ipo, akaja mtani wangu Athumani. Mimi Mndengereko, yeye Mmatumbi aliyeoa kwetu, na anayejua utani anajua kwamba mtu huyo anaruhusiwa kunitukana hata msibani kwangu na mimi sina haki ya kununa. Ujumbe ukatokea, nikabonyeza baadaye. Athumani akachungulia.

"Kumbe inakuuliza kila siku na wewe kila siku unaomba radhi?"

"Siombi radhi. Naiahirisha."

"Mdeni naye huahirisha, mtani. Sema unaiogopa, hapa tuko wawili tu."

Basi. Jambo dogo kama hilo. Mtu mzima, mwenye wajukuu saba, niliyeonywa na fundi, siku ya mwisho ya maombi ya mtoto, boti ikiwa inaondoka saa moja, nikabonyeza sasa. Nikabonyeza kwa kidole cha shahada, nikimtazama Athumani usoni.

Kioo kikawa cha buluu, vidoti vikaanza kuzunguka, na maandishi ya Kiingereza yakasema usizime kompyuta. Asilimia kumi. Ishirini. Arobaini, nami nimeegemea nguzo kama niliyeitengeneza mwenyewe. Ikafika sitini na nne ikasimama.

Hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa delta tu angelifanya. Sisi chombo kikipanda fungu la mchanga hatukisukumi kwa pupa, tunakaa, tunangoja maji yarudi, na mwenye haraka huchekwa kwa sababu huchafuka tope bure. Nikasema hii nayo imepanda fungu, itangojwa. Tatu akaja na mkoba wake begani, akatazama kioo, akasema, "Babu, haisogei. Kuna kitu kimechomekwa hapo pembeni."

"Usiguse," nikamwambia. "Mtu yeyote asiguse chochote."

Saa moja ikafika, nahodha akapiga honi. Kompyuta betri yake ilikwisha kufa zamani, inaishi kwa umeme wa sola, na kwa kuwa imesema isizimwe, haikuzimwa: nilibeba kompyuta ikiwa wazi kifuani, wanaume wawili wakabeba betri ya gari na inveta nyuma yangu, nyaya zikining'inia katikati yetu, na Tatu akashika mwavuli juu ya kioo. Tulikwenda taratibu ili nyaya zisichomoke. Wanawake waliokuwa wakianika kamba wa baharini waliinuka kwa heshima, wakidhani ni msiba.

Gatini nikamwomba nahodha asubiri kidogo, chombo kisitikisike mpaka angalau tufike sabini. Nahodha ni mtoto wa marehemu rafiki yangu, hawezi kunikatalia.

"Mzee, maji yanapwa," akasema.

"Yatapwa na kesho."

Alisubiri saa nzima. Abiria ishirini na kitu, wenye matenga yao ya kamba na kuku wao, walikaa wakinitazama mimi ninayetazama sitini na nne. Tukaondoka saa mbili, na tulipokaribia Salale, pale mkono wa mto unapopanuka, maji yalikuwa yamekwisha kimbia na boti ikakaa juu ya fungu, ikatulia kabisa. Wanaume wakashuka wakasukuma, wakarudi na tope hadi mapajani. Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo.

Ila Athumani, ambaye alipanda boti ile kwa sababu moja tu, kuja kunitazama. Akamwomba mama mmoja kanga yake ya mkononi, akaitandaza juu ya kompyuta, akavua kofia yangu kichwani akaivaa juu ya kofia yake.

"Kofia naishikilia mimi mpaka mazishi yaishe," akasema. "Jamani, marehemu huyu mnamfahamu. Alikuwa mpole, hakuwahi kumsaidia mtu. Nani alikuwa naye dakika za mwisho?"

"Babu Karani," wakaitikia.

"Alitamka nini?"

"Sitini na nne."

"Ameacha wosia?"

"Asizimwe."

Watu walicheka hadi kuku wakapiga kelele. Mimi nikanyanyua pembe ya kanga nikachungulia. Sitini na nne.

Tatu akaniinamia. "Babu, nilikuwa nataka kusema..."

"Tatu." Nilikuwa nimefika mwisho. "Atakayesema neno juu ya kompyuta hii kabla haijafika mia, namshusha hapa hapa kwenye tope. Hata wewe."

Akatoa simu yake akasogea hadi omo, mbele kabisa ya boti, mbali nami, akaanza kuchezea. Nilimwona. Nikajisemea moyoni, watazame watoto wa siku hizi, maisha yake yanazama hapa, babu yake anaungua na jua kwa ajili yake, yeye anatazama picha za maharusi.

Adhuhuri tukaswali humo humo botini kwa kuketi, na Mungu anisamehe, kila nilipogeuka kutoa salamu jicho liliishia chini ya kanga. Baadaye kidogo, kule omo, wanawake wakapiga vigelegele. Vigelegele kamili, vya harusi. Athumani akaenda kuangalia, akarudi anacheka hadi machozi, kofia zote mbili zimekaa upande.

Nikasimama. Nikawaambia yaliyokuwa yamenikaa rohoni tangu asubuhi, kwamba wao ni watu wasio na haya, kwamba mtoto wa mwenzao anakosa chuo na wao wanashangilia, kwamba ndiyo maana delta hii haiendelei, kwa sababu mtu mmoja akijaribu kuelimika ishirini wanamgeuza ngoma. Niliongea vizuri, nikaingiza na maneno mawili ya Kiingereza. Walinisikiliza, wengine wameziba midomo kwa kanga. Mama mwenye kanga yake akasema polepole, "Pole, babu," na wenzake wakainamisha vichwa, mabega yakitikisika.

Maji yalirudi saa tisa. Saa kumi tupo Nyamisati, nikakodi gari peke yetu, kompyuta mapajani, betri miguuni, na Athumani akapanda bila kualikwa kwa kuwa alikuwa bado na kofia yangu. Kibiti tuliingia inakaribia saa kumi na moja na nusu. Nikaingia dukani kwa Akbar mbele ya wateja wake wote, nikafunua kanga.

Akbar akavaa miwani. Alizungusha kompyuta mara moja, akainama pembeni, akachomoa flashi ndogo nyeusi ambayo mimi nilikuwa nimekwisha isahau, akashikilia kitufe cha kuwashia mpaka kioo kikawa giza.

"Imesema isizimwe," nikamwambia.

"Imesema hivyo tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Mzee wangu, hata muadhini hupumzika."

Akaiwasha tena. Kioo kikaandika kwamba mabadiliko yameshindikana na kwamba kila kitu kinarudishwa kama kilivyokuwa, na baada ya kitambo kidogo kompyuta yangu ya zamani ikarudi na mfumo wake wa zamani, mzima kabisa. Dawa ilikuwa kuchomoa kidude chenye urefu wa kidole gumba, ambacho mtoto alinionyesha asubuhi barazani. Akbar akaichomeka flashi ile kwenye kompyuta yake ili nione kama imepona (sikumwomba), na kwenye kioo kikubwa kinachotazama wateja likatokea jalada moja nililolipa jina Nyaraka Muhimu, na ndani yake filamu sitini na kitu za mieleka.

"Nyaraka hizi," Athumani akawaeleza wateja, "ndizo zilizomuua marehemu."

Sikuwa na muda wa kuona haya. Nikamwambia Akbar afungue fomu ya Tatu tuitume, zimebaki dakika ishirini. Akaingia kwenye tovuti ya chuo, akaandika namba ya mtihani ya Tatu, akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu:

"Maombi ya mwombaji huyu yamekwisha pokelewa."

Nikadhani ameandika namba ya mtu mwingine. Akarudia. Yamepokelewa, leo, saa saba mchana.

Nikageuka. Tatu alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kifuani, na ndani ya mkoba, kama nilivyokuja kujua, vyeti vyake vyote halisi vikiwa vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki tangu asubuhi.

"Niliyatuma tulipokwama, babu. Pale fungani ni peupe, mtandao wa Nyamisati unafika."

"Na vile vigelegele?"

"Ujumbe wa kupokelewa ulikuwa umeingia."

"Sasa mbona hukuniambia? Nimekodi gari. Nimewatukana watu."

Akatazama chini. "Ulisema atakayesema neno kabla haijafika mia utamshusha kwenye tope."

Duka zima lilicheka, na Akbar akavua miwani akaifuta. Athumani akanivalisha kofia yangu, akaipigapiga iketi sawa, akasema mazishi yameisha, wafiwa wanaweza kuondoka.

Hayo ndiyo wanayoyasimulia. Wasilolijua ni hili. Tulipokuwa tunatafuta pa kulala, nilimuuliza Tatu kama kweli aliniogopa vile, kwa kuwa mimi sijawahi kumshusha mtu kwenye tope. Akasema hapana, babu. Kisha akaongeza, "Ulikuwa umeishikilia kwa nguvu sana. Nikaona nikikuambia haina kazi tena, utabaki na nini cha kushika."

Kuchekwa nimezoea, nina mtani. Lakini kuonewa huruma na mtoto wa miaka kumi na minane, akakaa kimya saa mbili nzima juani ili mimi niendelee kujiona mtu wa maana, hilo halijapata kunipata, na ni haki yangu. Alijaribu kuniambia mara mbili siku ile nikamkatiza, na kama angenitii katika mambo yote kama alivyonitii katika kunyamaza, leo asingekuwa chuoni.

Kwa sababu alipata. Alipoondoka nilitaka kumpa kompyuta ile, nimeipangusa vizuri. Akaipokea kwa mikono miwili, akanirudishia kwa mikono miwili. "Kaa nayo, babu, utatazama mieleka. Chuoni tunatumia simu."

Ujumbe bado unakuja kila asubuhi, sasa au baadaye, na Athumani akiwepo ananitazama kidole. Nabonyeza baadaye. Kisha, mbele yake, nampigia simu Tatu, namuuliza habari za masomo, na anapoanza kusema nafunga mdomo mpaka amalize.