Mdomo wa Ticha Ivyne

Kwa miaka mingi pumzi yake ndiyo iliyomlisha Ivyne Nakhumicha. Hakuwa na mwajiri. Alipiga filimbi ya Kizungu kwenye harusi na matamasha ya kanisani katikati ya jiji, na siku nyingine akawafundisha watoto wa mitaa ya kitajiri ya Kileleshwa na Kitisuru. Asubuhi moja mwaka 2006 aliamka kwake Kinoo, akakuta upande mmoja wa uso umelegea. Daktari alimwambia asubiri. Miezi ikapita, mdomo ukabaki umepinda, na waliozoea kumwita kwenye matamasha wakanyamaza. Yakabaki masomo tu, naye akayang'ang'ania kufa na kupona.

Jumamosi moja huko Kitisuru, Shiko, mwanafunzi wake mdogo kuliko wote, alimpokea akirukaruka.

"Ticha, nimefanya mazoezi! Leo lazima unipigie makofi."

Akainua filimbi, akauvuta mdomo wake mzima upande wa kushoto, akapuliza. Ukatoka upepo mtupu.

"Mbona unapinda mdomo hivyo?"

"Si ndivyo wewe hufanya?" Shiko akajibu kwa fahari. "Nimejifunza kwa kioo."

Mama yake akacheka kutoka jikoni. "Huyo ni wewe mtupu, Ticha!"

Ivyne alijaribu kucheka, akashindwa. Akamwonyesha mtoto kwa kidole mahali midomo inapokaa, lakini kila Shiko alipoinua macho kumtazama, mdomo ulipinda tena. Ndipo Ivyne akaenda jikoni.

"Mama Shiko, mtafutie mwalimu mwingine," alisema. "Upesi, kabla hajazoea."