Nilivyomponza bibi wa Olmotonyi kwa picha ya makinda ya bundi

Wakuu, habari za mchana. Wa Chuga, yaani Arusha, mniitikie kwanza, maana hili limetokea kwetu.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa, na chumvi sijaongeza. Ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri kidogo, kwa sababu humu ndani mkosaji ni mimi.

Mimi ni mpiga picha. Kistudio changu kiko Levolosi: passport size, harusi, kipaimara, mahafali. Lakini ugonjwa wangu ni ndege. Nilipopata lenzi ndefu ya mtumba, basi kila Jumamosi asubuhi nikawa nakimbilia kule juu Olmotonyi. Wife anasema wenzangu wanapiga mabibi harusi, mimi nafukuzana na kunguru.

Kule nikafahamiana na bibi mmoja mjane, anaishi peke yake. Nitamwita Koko, ndivyo Waarusha wanavyomwita bibi.

Pembeni ya shamba lake la mahindi kulikuwa na mringaringa mkubwa wa zamani, una shimo kwenye shina. Humo bundi walikuwa wametotoa.

Najua kuna mtu kashasonya hapo. Tulia mkuu.

Makinda wawili. Manyoya kama pamba, macho meusi tii. Walikuwa wameshatoka shimoni ila kuruka bado, wanashinda wamebanana kwenye tawi wakisinzia mchana kutwa. Jamani, ni wazuri! Mimi nilikulia Moshi, kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawali wakashiba, lakini wale makinda walinitoa woga wote.

Koko hakuwa na habari na uchuro. "Hawa ndio paka wangu," aliniambia. "Panya walikuwa wananimalizia mahindi."

Alinipa sharti moja tu. "Piga utakavyo mwanangu, ila watu wasijue ni kwangu. Unawajua watu."

Nikamjibu, "Koko, ondoa shaka."

Jumamosi ya tatu akatoka na ndoo yake, akasimama chini ya mti, akainua uso akacheka. Makinda wote wawili wakageuza vichwa kumtazama. Nikabonyeza. Nilijua hapo hapo kwamba sijawahi kupiga picha kama ile.

Wakuu, nilishindwa kukaa nayo.

Niliiweka status tu. Sikuandika jina, sikuandika mahali. Nikajidanganya kwamba Koko yuko nyuma kwenye ukungu, uso hauonekani. Mimi niliona ukungu. Watu wa kwao wakaona mlango wa bluu, kilemba cha njano na ule mringaringa. Na kwenye simu yangu nina namba za watu kibao wa kule niliowapigia picha za kipaimara. Akili hiyo haikunijia kabisa.

Jumamosi iliyofuata nikapanda kama kawaida. Nafika saa tatu, namkuta Koko amevaa nguo za kanisani, kitabu cha nyimbo mapajani. Uwanjani mabenchi yamepangwa, chupa tatu za chai, na sufuria kubwa ya loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando.

"Shikamoo Koko. Kuna sherehe?"

"Marahaba. Leo jumuiya iko kwangu. Wamechelewa kidogo."

Asiyejua: jumuiya ni majirani wa kanisa moja, wanasali nyumba kwa nyumba kwa zamu. Kule wanaanza alfajiri ili watu wawahi mashamba. Saa tatu hawajafika! Na mimi mjinga nikakaa, nikamiminiwa chai, nikanywa na kuongeza.

Mara akapita njiani Mama Neema, mwenyekiti wa jumuiya. Hakugeuza hata shingo. Koko akaniambia, "Mkimbilie, muulize kuna nini."

Nikamkimbilia. Mama Neema alinifungulia simu. Grupu la jumuiya. Picha yangu. Chini yake mtu kaandika: "Koko na wajukuu zake."

Nikamrudishia simu.

"Jirani yake mimba imetoka juzi," Mama Neema akasema. "Sasa tukae chini ya ule mti tunaomba nini?"

Nikamweleza habari za panya, nikamwambia picha ni yangu, nikaapa. Akanisikiliza vizuri tu. "Wewe kijana unakuja na kuondoka. Sisi tunalala hapa."

Nilirudi nikamweleza Koko ukweli wote. Nilitegemea anilaani, na ningeshukuru. Alifunika sufuria, akanyanyua benchi upande mmoja, akaningoja nishike upande wa pili. Tukaingiza yote ndani.

Wiki ile sikulala vizuri. Nikaandika status ndefu kujieleza. Watu walisoma, hakuna aliyejibu. Nikapanga Jumamosi nimwone mchungaji wao.

Jumamosi nafika, naona uwanja mweupe peee. Mringaringa uko chini.

Wakuu, nilipandwa na hasira nikapiga kelele: "Nani kafanya hivi? Nitajieni jina, twende polisi sasa hivi!"

Koko akatoka ndani. "Mimi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Nimemwita mwenyewe mwenye msumeno wa chenso. Mwanangu, mimi niko peke yangu. Siku nikifa, watakaonibeba ni hao hao. Bundi hatanizika."

Kinda mmoja alikuwa amelazwa juu ya jani la mgomba, bawa limevunjika, amekufa. Wa pili hakuonekana. Koko alikuwa akimtazama yule na machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Kisha akaniambia, "Toa kamera. Piga na hii. Itume kule kule, waone mti haupo."

Nilipiga. Nikarudia mara tatu. Nikamtumia Mama Neema.

Sijafika hata lami, simu ikaita. "Bwana asifiwe! Mwambie Koko Jumamosi tunakuja kwake."

Walikuja wote, na mimi Koko alinialika. Mabenchi yalijaa, loshoro ikaisha. Wakaomba wakimshukuru Mungu kwa kuuangusha ule mti, na mimi nikaitikia amina pamoja nao, kwa sauti.

Nilichojifunza: mwenye nyumba akikupa sharti, lishike kama alivyolisema, usitafute upenyo. Alisema watu wasijue, basi.

Nawaachia uwanja. Ile picha ya pili, ungekuwa wewe ungeituma? Na wenye matusi karibuni pia, sitabishana na mtu.