Rimoti Mkobani

Mume wangu, Fanuel, alikuwa dalali wa mnada wa sadaka kwenye usharika wetu wa Njiro. "Jogoo huyu ameokoka, ila mapaja yake bado ya dunia!" Watu wanacheka, aliyemnunua anamrudisha kuwa sadaka, jogoo anauzwa tena.

Kisha ugonjwa wa Parkinson ukamkakamaza mwili. Dawa zilimlegeza, lakini baada ya miaka zikaleta balaa jingine: akishameza tu, shingo, mikono na miguu vinajinyonganyonga bila ruhusa yake. Wapo waliosema amelewa. Hao niliacha kuwasalimia, na sijaanza tena.

Mwaka jana tulimpeleka India. Wakamwingizia nyaya nyembamba ubongoni, wakaziunganisha na betri chini ya ngozi ya kifua. Mwili ukatulia. Siku aliyoshika kikombe mwenyewe nilikwenda kulia jikoni kwa furaha.

Ila ulimi ukawa mzito. Akiomba chai, nasikia mgumio tu. Madaktari walirekebisha umeme mara kadhaa, mwisho wakatuambia wazi: ukipunguzwa, maneno yatarudi, na vurugu ya mwili itarudi nayo. Wakatupa rimoti ya kupunguza na kuongeza kidogo. Tukachagua utulivu. Fanuel naye, kwa kuchoka kurudia rudia, akanyamaza kabisa.

Jumapili ya mavuno mnada alipewa kijana mmoja wa usharika, Stanley. Huyo Stanley anauza kuku kama anayesoma matangazo ya msiba! Fanuel akaugusa mkoba wangu, inamokaa rimoti. Nikakataa kwa kichwa. Akaugusa tena, machozi yanamlengalenga. Nikapunguza umeme, roho inaniuma.

Tulisubiri. Mguu ulianza kurukaruka, kisha bega, kisha shingo. Akasimama hivyo hivyo.

"Stanley mwanangu, huyo kuku ni marehemu? Mbona unamzika?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akauza kuku, mikungu ya ndizi, hata boga lililopasuka, huku nimemshika mkanda kwa nyuma asianguke. Wengine walicheka wakitazama chini ili wasimwone.

Tulipofika nyumbani alikuwa ameloa jasho, mwili bado unajikunja kitini. Nikatoa rimoti.

"Baba Nice, inatosha sasa. Utaumia."

"Ngoja kwanza, Mama Nice." Kila neno lilitoka safi. "Wale wamepata yao. Mimi na wewe hatujazungumza tangu India."

Nikaweka rimoti mezani. Nikakaa mbele yake, nikaikamata mikono yake yote miwili isinipige, nikamsikiliza.