Alama Nyekundu Kwenye Kitabu cha Nasaba

Kwa miaka kumi na mmoja, kila shule za Dhaka zilipofungwa kwa sikukuu ya Durga, mwalimu Umacharan Chakrabarti alikuwa hakai nyumbani. Wenzake walirudi makwao na sari mpya za wake zao. Yeye alishika njia ya vijiji vya Bikrampur, mwavuli kwapani, sanduku la bati kichwani kwa mchukuzi, akanakili maandishi ya mahekalu yaliyobomoka na vitabu vilivyoandikwa kwa mkono vilivyokuwa vikioza darini mwa watu. Mkewe, Mokshada, alikuwa akisema wanaume wengine huwaletea wake zao bangili, wa kwake huleta matofali.

Kilichomsukuma ni hasira. Darasani alifundisha wafalme wa Uingereza, na kitabu alichofundishia kilisema Wabengali hawana historia, wana ngano tu. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akaapa kuandika historia ya Bikrampur isiyo na sentensi hata moja asiyoweza kuithibitisha. Katika dibaji aliwaonya wasomaji wasiamini karatasi kwa sababu ni kuukuu. Waulize kwanza nani ana faida nayo, maana karatasi yoyote inaweza kuwa imeandikwa jana.

Kitabu kilikuwa karibu kupelekwa kwa mpiga chapa wakati Nistarini, mtoto wake wa pekee, alipotimiza miaka kumi na mitatu. Kwa Mabrahmini wa enzi zile, tabaka la makuhani alimozaliwa, umri huo bila mchumba ulikuwa umeshawapa majirani la kusema. Mshenga Ramtanu akaleta jina lililomtoa Mokshada machozi ya furaha: Abinash, mwana wa Jagadbandhu Mukhopadhyay wa Kalipara. Hao walikuwa Makulini, Mabrahmini wa daraja la juu, ambao akina Chakrabarti waliwatazama kwa kuinua shingo. Ili kumpendeza mwanahistoria, Jagadbandhu alimwazima hata kitabu cha nasaba ya ukoo, cha miaka mia tatu, kilichofungwa ndani ya hariri.

Umacharan alikisoma barazani huku akitafuna tambuu, na kidole chake kilikuwa na chokaa ya kupaka tambuu. Alipofunua ukurasa unaomtaja babu aliyepewa Ukulini na mfalme, kidole kiliacha alama nyekundu. Akagusa ukurasa mwingine, haukubadilika. Waandishi wa kale walizipaka karatasi zao unga wa jiwe fulani la sumu, la rangi ya manjano, ili wadudu wasizile, na jiwe hilo halijali chokaa. Kinachogeuka chekundu kikiguswa na chokaa ni bizari ya manjano ya jikoni. Mtu alikuwa ameuzeesha ukurasa ule kwa kiungo cha mchuzi, na heshima yote ya Kalipara ilikuwa imesimama juu yake.

Akayaandika hayo katika ukurasa mmoja wa kitabu chake. Ramtanu alipoelezwa, alicheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, kwani unadhani ni nasaba ngapi hazijapikwa? Mimi mwenyewe nimepika mbili. Sasa niambie, unatafuta mkwe au unatafuta makosa?"

Mokshada hakucheka. "Mfalme huyo kafa miaka mia saba," alisema. "Binti yako yu hai, yuko jikoni anakukaangia samaki."

Umacharan akaenda kwa mpiga chapa, akauondoa ukurasa ule, akaweka sentensi moja mahali pake: kwamba Ukulini wa Kalipara unathibitishwa na kitabu cha kale ambacho mwandishi amekiona kwa macho yake. Ukurasa wenyewe aliufungia sandukuni. Ni sentensi moja tu, alijiambia, kana kwamba aibu hupimwa kwa mistari.

Kitabu kilitoka, na harusi ikafuata. Bwana harusi alikaa siku nne, akarudi kwao, akamwacha mke kwa babake, kama walivyozoea Makulini wengi, waliooa wake kadhaa. Akawa anakuja mara mbili kwa mwaka, kisha mara moja. Nistarini alizihesabu siku hizo, ingawa hakusema.

Mwaka wa nne akaja mgeni kutoka Faridpur, Nabakishor Ghoshal, kitabu cha Umacharan kwapani. Aliinama akagusa miguu ya mwandishi. Alitaka kumwoza binti yake kwa Abinash. Alijua mke wa kwanza ni wa nyumba hii, akaomba radhi kwa hilo, lakini Kulini halisi, alisema, ni kama mto mtakatifu wa Ganga, wataoga wengi. Alilotaka ni neno la mwandishi mwenyewe tu. Nistarini alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya tambuu, uso umempauka.

Umacharan alimwona. Ukweli aliouzika kwa ajili ya mwanawe ndio sasa ungemwepusha na ukewenza.

"Usimwoze," alisema. "Nasaba ile ni ya kughushi."

Akaeleza yote, chokaa na bizari, akatoa ukurasa sandukuni. Mgeni aliusoma taratibu, kisha akamtazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, mimi nina mabinti wanne, uchungu wako naujua. Lakini kitabu kilitoka kabla ya harusi. Wakati ule hukuwa na sababu ya kudanganya, leo unayo. Na ni wewe uliyetufundisha: tuulize nani ana faida, maana karatasi yoyote inaweza kuwa imeandikwa jana."

Akaukunja ukurasa kwa adabu, akaurudisha. Akachukua tambuu moja kwenye sahani ya Nistarini, akamwombea heri, akaondoka.

Nistarini hakutoka mlangoni.

"Baba, ulijua kabla ya harusi yangu, au baada?"

Maisha yake yote Umacharan alikuwa mtu wa kuwadai wenzake tarehe. Hii hakuhitaji kuitafuta.

"Siku sabini na tisa kabla," alisema.