Makohozi ya Kuazima Chepsaita

Saa kumi na mbili asubuhi, Zakaria Wepukhulu anasukuma baiskeli kupanda kilima cha Chepsaita, nami mwandishi namfuata nyuma. Umande umemlowesha suruali mpaka magotini, na kwenye keria, ndani ya sanduku la mbao, vikopo vya bati vinagongana. Watoto wakisikia kelele hiyo wanajua mtu wa makohozi amefika.

Ndiyo, makohozi. Usikunje pua, msomaji. Wepukhulu, mzaliwa wa Bungoma, anafanya kazi Eldoret na madaktari wanaochunguza kama kifua kikuu kinaweza kuponywa kwa nusu mwaka wa dawa mpya, badala ya ule mwaka na nusu ambao wagonjwa wengi huukimbia njiani. Yeye huwafuata waliomaliza dawa, huchukua makohozi yao na kuyapeleka maabara, ijulikane kama ugonjwa umerudi.

Kuwafuata ndiyo shughuli. Tangu wazungu waanze kuuza mashamba, watu hawakai mahali.

"Leo mtu ni kibarua kwa shamba la ngano, kesho amenunua shea ya shamba na wenzake, amehama," anasema. "Naulizia kila duka mpaka nimpate."

Leo anaenda kwa Waithira, mama kutoka Kiambu ambaye chama chao cha ushirika kilinunua shamba hapa mwaka jana. Alipopatikana na ugonjwa, bintiye Nduta alikuwa hajaota hata jino. Mtoto alipelekwa kwa nyanyake Timboroa, na sasa anakimbia na kumwita nyanya "mami". Waithira ameapa hatamleta nyumbani mpaka hospitali iseme amepona.

Majibu hayo Wepukhulu anayo leo. Lakini si ya kwanza.

Miezi michache iliyopita yalikuja mengine, na yalikuwa mabaya: kikopo cha Waithira kilijaa wadudu wa kifua kikuu. Wepukhulu mwenyewe alikuwa amemwona huyo mama akibeba gunia la mbegu mgongoni, kanenepa, anang'aa. Kumbe dawa imeshindwa? Daktari mwenyewe alisoma majibu, akatoka nje.

Basi Wepukhulu akaja na habari hiyo mpaka Chepsaita. Waithira alisikiliza, akaketi kwenye mtaro, akalia. Kisha akauliza swali la ajabu: je, Kiarie naye atapewa dawa?

Kiarie ni jirani, boma la pili. Hapo ndipo yote yakatoka. Siku ya kikopo Waithira alikohoa, akajikamua, wapi. Kifua kilikuwa kikavu. Na kwao, mtu akikuletea zawadi kwa kiondo, humrudishii kikapu hicho bila kitu ndani, hata kama ni viazi viwili tu. Sasa mgeni ametoka Eldoret kwa baiskeli, jamani, atarudije na chombo kitupu? Akamwita Kiarie, ambaye alikuwa akikohoa tangu msimu wa kulima na kusingizia vumbi la trekta. Naye, kwa ujirani mwema, akamjazia.

"Nilikuonea huruma," Waithira alimwambia Wepukhulu. "Mwendo wote huo, na mimi sina cha kukupa."

Wepukhulu anasema alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akashika uzio. Kisha akawapeleka wote wawili Eldoret. Waithira, kwa kuwa hakuwa na makohozi, alipanguswa koo kwa kijiti chenye pamba, na majibu yake ndiyo haya ya leo. Kiarie alianza sindano, na siku hizi anajigamba kwamba kikopo chake ndicho kilichotikisa hospitali nzima. Kikohozi kimeanza kumwachia.

Tunapofika, Waithira anapalilia mahindi. Anaiona baiskeli, anasimama na jembe mkononi. Hasogei.

"Mama Nduta," Wepukhulu anaita akiwa bado njiani, "nenda Timboroa."

Jembe linaanguka. Mama anajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika, halafu anaanza kucheza katikati ya mahindi yake mwenyewe, akiyakanyaga bila kujali. Kiarie anatoka mbio kuuliza nani amekufa. Mimi niliyetumwa kuandika nilifuta macho, na sioni haya kusema.

Chai tunakunywa haraka, kwa sababu mwenye nyumba ameshaosha miguu na kuvaa viatu. Basi la Timboroa halimngoji mtu. Hata hivyo anakumbuka mgeni. Analifungua sanduku na kuanza kumimina maharagwe ndani ya vikopo, na Wepukhulu anaruka kumzuia. Maharagwe yanaishia kwenye kitambaa, yamefungwa fundo.

Njiani kurudi namuuliza Wepukhulu anatamani nini maishani. Nilidhani atasema shamba, maana Eldoret nzima haina wimbo mwingine. Anakiri yeye pia ameingia chama, anangoja zamu yake. Kisha anavitazama vikopo vyake.

"Natamani siku moja nizunguke eneo hili lote la Turbo, nirudi mjini na vikopo vyote vitupu," anasema. "Na mtu yeyote asinionee huruma."