Chuma cha Mtani

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu hadi kwenye karakana za samani za Keko kuchagua kitanda. Vijana wa karakana moja walikuwa wanaburuta gogo kwa mnyororo, mnyororo ukakatika, gogo likaanguka chini kwa kishindo. Nikaketi palepale chini. Mjukuu akadhani ni presha. Haikuwa presha, rafiki yangu. Ngoja nikusimulie.

Nilikulia Temeke, enzi za Mwingereza, wakati njia zetu zilikuwa mchanga mtupu na ua wa kila nyumba ni makuti. Sisi ni Wanyamwezi. Baba aliletwa mjini na udereva; aliendesha pikapu ya Mhindi mmoja mwenye duka, akibeba nazi na mkaa kutoka upande wa Mbagala. Bibi, mama yake baba, alipika mlenda wa karanga kana kwamba hajawahi kuondoka Tabora, na harufu yake ilifika hadi msikitini.

Baba alikuwa na rafiki Mzaramo, dereva mwenzake. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na hao wawili waliufuata utani kama dini. Yule bwana hakupiga hodi hata siku moja. Aliingia, akafunua chungu cha bibi, akapaza sauti: "Mtumwa wangu! Leo umenipikia nini?" Baba naye: "Mtumwa mwenyewe, mla nguru!" Walitukanana mpaka bibi akafuta machozi ya kicheko. Mgeni angeweza kuita askari.

Halafu yule rafiki akafa. Pikapu yake ilipinduka kwenye mteremko wa kwenda Kisarawe. Baba alikuwa safarini Morogoro, na aliporudi matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa. Kazi ya mtani msibani unaijua: kulizuia jeneza mpaka apewe kitu, kumtukana marehemu, kuwachekesha wafiwa. Baba hakufanya hata moja. Aliketi kwenye mkeka wa mjane, kimya, akarudi nyumbani. Tangu siku ile hakutaniana tena na mtu.

Miezi ikapita, pikapu ya baba nayo ikaugua. Kile chuma cha mbele kinachokingama kutoka ubavu hadi ubavu, ndicho kilichobeba injini, kilikuwa kimeliwa na kutu, kikapasuka. Mwenye duka akasema isipotengemaa kabla ya Idi ataiuza, na hapo baba angekuwa hana kazi. Chuma kipya kilitoka Ulaya kwa meli. Lakini gari la marehemu lilikuwa aina ileile, na chuma chake cha mbele kilikuwa kizima. Mjane akaridhia.

Baba alipokileta begani, bibi alisimama mlangoni mwa ua kumzuia.

"Hicho hakiingii humu."

"Mama, ni chuma tu."

"Chuma kilichomwona mtu akikata roho si chuma tu, mwanangu."

Kikalazwa nyuma ya jiko. Na mie nakwambia nilichokiona: kuku hawakukikanyaga. Walifika karibu, wakasita, wakazunguka. Asubuhi kilikuwa kimeloa maji, na mchanga pembeni yake mkavu.

Kuishusha injini kulihitaji winchi, nasi hatukuwa nayo. Baba akaamua kuiacha palepale ilipo. Jirani yetu seremala akamwazima boriti nene ya mninga, wakaikingamisha juu ya pua ya gari, imeegemea miguu miwili ya mbao huku na huku. Wakaifunga injini kwa mnyororo, wakaining'iniza kwenye boriti, kisha wakaliegemeza gari lenyewe juu ya magogo. Asubuhi nzima baba alikata ribiti zilizokishika chuma kibovu, kwa tindo na nyundo, ngo, ngo, ngo, mpaka kikaanguka. Injini ikabaki inaning'inia, haina kitu chini yake, ikitikisika kidogo kama mtu anayepumua usingizini.

Adhuhuri seremala akaenda kuswali. "Nisubiri," alisema. Baba akaitikia, lakini hakusubiri. Alitaka kuona tu kama matundu ya kile chuma yanaingiana. Akalala chali, akajisukuma chini ya injini, chuma cha marehemu kifuani.

Mie na bibi tulikuwa barazani tunachagua mchele. Jua lilikuwa utosini, hakuna kivuli popote. Kunguru walinyamaza. Hata nyundo ya baba ilinyamaza.

"Mtumwa wangu! Toka huko, chakula kinapoa!"

Sauti ilitoka nyuma ya ua, waziwazi, na kile kicheko chake kooni. Bibi alikuwa amenifunza: ukiitwa adhuhuri na usiyemwona, usiitike. Akaniziba mdomo kwa kiganja. Kilikuwa cha baridi.

Lakini baba alikwisha itikia. "Mtumwa mwenyewe, mla nguru! Nakuja!" Akajivuta nje akicheka, oili usoni, akasimama, akaanza kujikung'uta mchanga. Hapo mnyororo ukakatika.

Injini ilipoanguka mchele uliruka kwenye ungo. Kile chuma alichokiacha chini kilididimia mchangani, pale kilipokuwa kifua chake.

Baba hakuitazama injini. Alikwenda kwenye ua, akapenua makuti, akachungulia. Njia ilikuwa tupu mpaka mwisho, na mchanga wake haukuwa na unyayo.

"Mama, nani kaniita?"

"Unamjua," bibi akasema.

Baba akaketi chini, akalia kwa sauti.

Alasiri ile bibi alivaa gauni lake la kanisani, akampitia mjane, akatupeleka kaburini. Baba alisimama, kofia mkononi. Kisha akaanza, kwa sauti ndogo: "Wewe, mla nguru. Mtumwa gani anakufa bila ruhusa ya bwana wake?" Mjane akacheka, akashtuka kwamba amecheka. Baba akapandisha sauti. Alimtukana marehemu mpaka akakauka koo, akalala juu ya mchanga, akasema haondoki mpaka alipwe haki ya mtani. Mjane akafungua kanga yake, akampa kipande cha muhogo. Akakila palepale, machozi yakimchuruzika.

Kesho yake bibi mwenyewe alimwambia, "Kifunge. Mwenyewe karidhia." Seremala akaleta mnyororo mpya na kamba nene juu yake. Kile chuma kikaingia, tundu kwa tundu, na pikapu ikabeba nazi miaka mingi baadaye.

Siku hizi Temeke huwezi kuuona ukuti. Msibani kuna turubai, vipaza sauti na mshereheshaji, na vijana wangu hawajui watani wao ni akina nani. Baba alifariki mzee sana. Nilizunguka kutafuta Mzaramo mmoja wa kuja kumtukana, nikakosa. Nilitamani nifanye mwenyewe, lakini mtoto hamtanii baba yake. Tukamzika kwa heshima zote, kimya kabisa.