Ndagala Juu ya Mnara

Jumanne moja ya kiangazi, mwaka ule wa uasi, nilimpoteza mume wangu Byamungu, fundi wa kujenga. Na siku kumi na tatu baadaye nikapoteza heshima yangu mbele ya nusu ya Uvira, na hiyo ya pili ndiyo watu wanayoniuliza hadi leo, basi niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa majirani zangu wa Songo, ambao wanaongeza chumvi.

Komanda wa waasi aliyeushika mji alikuwa na ndoto. Alisema wageni wanavuka bahari kwenda Paris kwa sababu ya mnara tu, na kwamba Uvira ikipata wake, dunia nzima itatujua. (Mimi sijawahi kuona mji mkubwa kuliko Usumbura, na huko nilikwenda kung'olewa jino.) Akamwita Byamungu. Mnara ukapanda pale karibu na ziwa mpaka urefu wa nyumba tatu, halafu mume wangu akaanguka, na kazi ikasimama hivyo, bila kichwa.

Sasa, kosa langu. Wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani Kalundu hawakutaka mjane mpya aanike karibu nao. Walisema samaki wao wataoza. Sikubishana. Nilitazama ule msingi wa mnara, mrefu kama mtu, simenti pana, safi, yenye moto wa jua, kazi ya mikono ya mume wangu, nikajiambia: hapa nani atanifukuza? Nikapanda na beseni langu, nikatandaza, nikashuka kukaa kivulini.

Saa nne hivi nikasikia magari. (Hakuna aliyeniambia kuwa ni siku ya komanda kuwaonyesha wageni mnara; mtu wa matanga haambiwi kitu.) Nikapanda mbio kuwaokota samaki, kitenge kikanaswa na chuma, nikivuta kinapasuka, nikiacha siwezi kushuka, na huku watu wanaimba, wazungu watatu wanashuka na kamera zao, na upepo wa ziwa nao ukaamka, ukawabeba ndagala wangu na kuwamwagia wote, mmoja akatua juu ya kofia ya komanda, akalala pale kama nishani.

Wimbo ulikatika. Mtu mmoja akacheka, kisha wote.

"Weye mama!" komanda akafoka. "Uko unafanya nini kule juu?"

"Niko naanika, chef."

"Muji unajulikana kwa kitu chenye kusimama, hapana kwa kitu chenye kunuka!"

"Basi wetu utajulikana kwa vyote viwili," nikasema. Aibu ilikuwa imeshanimaliza; sikubaki na kitu cha kuficha, isipokuwa paja.

Angeniacha nishuke, mkasa ungeishia hapo. Lakini alitaka kuiokoa siku yake, akawageukia wageni, akawaambia kwa Kifaransa kwamba fundi wa mnara huu aliuawa kwa risasi ya adui, na huyu ni mjane wake, akili imeruka. Nilisoma miaka minne tu kwa masista, lakini hayo niliyasikia vizuri.

"Hapana," nikasema. "Alianguka."

"Nyamaza, mama."

"Alianguka, chef. Kamba ya miti ya kupandia ilioza. Alikuomba ingine mara mbili, weye ukasema angoje."

Mkono wake ukaenda kwenye bastola, kisha akazikumbuka kamera. Nikawageukia wazungu. "Corde," nikawaambia. "Mauvaise corde." Nikawaonyesha kipande cha ile kamba mbovu, bado kimefungwa kwenye mti juu yangu, kimekatika. Sasa hakuna aliyecheka. Mzungu mmoja akapiga picha ya ile kamba. Mnara hakuupiga.

Majirani wanasema ningekufa siku ile. Labda. Kwa ndagala na paja naona haya mpaka leo, na sitaanika tena kitu juu ya kazi ya wakubwa. Kwa yale niliyosema sioni haya, na nikirudishwa pale nitayasema tena kwa sauti zaidi. Haya yangu ya kweli ni nyingine: asubuhi ya Jumanne ile niliiona kamba imeoza, nikanyamaza, kwa sababu mume wangu alikuwa na haraka.

Siku ya tatu baada ya mkasa ule wapiganaji wawili wa komanda walikuja mlangoni kwangu. Waliweka chini kamba mpya, wakaondoka. Niliikunjua, nikaikanyaga kwa mguu mmoja, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Haikukatika.